Kutengeneza au Kubadili

Kila kitu kilichofanywa kwa mkono wa mtu kina siku yake ya kuharibika. Nyumba huingia ufa, jahazi huvuja, nguo huchanika, na mtambo huchakaa. Siku hiyo ifikapo, mwenye kitu husimama penye njia panda: atengeneze kilichoharibika, au akitupe na kuweka kingine mahali pake. Watu wengi hudhani kwamba uchaguzi huu ni wa fedha tu; mwenye mfuko mzito hubadili, na mwenye mfuko mwepesi hutengeneza. Lakini wewe, msomaji, ukilitazama jambo hili kwa utulivu utaona kwamba ndani yake mna swali la haki na dhuluma. Nataka tulipime swali hilo pamoja, na ili mawazo yetu yasipeperuke kama moshi, tutayafunga katika kitu kimoja cha shaba ambacho huenda umekipita mara nyingi bila ya kukitazama: rejeta ya gari kuukuu.

Mfano wetu tutauweka Magongo, katika Changamwe, upande wa bara wa Mombasa. Ukitoka kisiwani na kuvuka Makupa, hukawii kufika huko. Barabara ya Magongo huelekea Port Reitz na uwanja wa ndege, na jirani yake hupita barabara kuu iendayo Nairobi, na kutoka huko Uganda, Rwanda na Kongo. Katika Changamwe kulikuwa na mtambo wa kusafishia mafuta ulioanza kazi mwaka 1963 na kuacha kuyasafisha mwaka 2013. Malori ya mizigo kutoka bandari ya Kilindini hupita mchana na usiku. Penye magari mengi hapakosi mafundi. Wako wenye gereji za kuta na milango, na wako wa jua kali, ambao paa lao ni mkungu au turubai, na sakafu yao ni mchanga uliolowa mafuta. Ni kwao hasa ambako swali letu huulizwa kila siku, tena na watu wasiojiita wanafalsafa.

Kwanza tujue kitu chenyewe. Injini ya gari huchoma mafuta ili kupata nguvu, lakini sehemu ndogo tu ya joto lile hugeuka kuwa mwendo. Katika injini nyingi za zamani haizidi sana theluthi moja. Joto lililobaki hapana budi litoke, la sivyo chuma kitajipinda. Nyingine hutoka kwa moshi. Nyingine huchukuliwa na maji yanayozunguka kandokando ya silinda, yakasukumwa na pampu hadi kwenye rejeta, yakapita katika mirija myembamba iliyoshikwa na mapezi membamba zaidi, yakapulizwa na pangaboi, yakapoa, yakarudi tena injini. Kazi hii haina mapumziko maadamu gari linakwenda. Si kila gari lina rejeta: kombi za Volkswagen zilizoanza kuundwa Ujerumani mwaka 1950 zilipozwa na upepo mtupu, na zile za Ujerumani hazikuanza kupozwa kwa maji mpaka mwanzo wa miaka ya 1980. Lakini magari mengi yaliyopata kupanda kutoka pwani kwenda bara yalitegemea maji, na maji yakivuja, safari hukoma.

Sasa tuseme kwamba yuko mtu mwenye gari dogo la abiria la miaka ya 1980. Ameng'oa viti vya nyuma na kuweka kitanda, jiko dogo la gesi na pipa la maji. Paa lake amelikata na kulifanya la kuinuliwa. Gari hili ndilo shamba lake. Hulikodisha kwa wageni na kwa jamaa wapendao kwenda Tsavo kutazama wanyama na kulala garini njiani. Siku hizi, kila lipandapo kilima cha Mazeras, mshale wa kipimajoto hupanda pamoja nalo. Mwenyewe analileta Magongo. Fundi anainama, anaona alama nyeupe za chumvi na kutu ya kijani kwenye kiungo cha tangi la juu, na anajua kwamba maji yanatoroka. Mwenye gari anauliza, “Fundi, itatengenezeka, ama nitafute nyingine?”

Tusikilize kwanza hoja za kutengeneza, kwa kuwa ndizo za kale zaidi katika nchi yetu. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mafundi wa majahazi wa pwani hii hawakutupa chombo kwa sababu kimevuja. Walikipandisha pwani maji yalipokupwa, wakachokoa kalafati iliyooza katikati ya mbao, wakapiga nyingine ya pamba iliyolowa mafuta, wakakirudisha baharini. Chombo kilikuwa na haki ya kutunzwa kabla ya kuhukumiwa. Tena rejeta za zamani ziliundwa kwa namna iliyoikubali kazi hiyo. Mirija na matangi yake yalikuwa ya shaba, na viungo vyake vilishikwa kwa lehemu ya risasi na bati. Lehemu hiyo huanza kuyeyuka kwa joto la nyuzi 183 hivi, ilhali shaba nyekundu haiyeyuki mpaka nyuzi 1,085. Kwa hiyo fundi aweza kufungua kiungo kwa moto bila ya kudhuru kiwiliwili, akapitisha ubapa mwembamba katika kila mrija, akang'oa ukoko, akarudisha tangi mahali pake na kulilehemu upya. Waliounda kitu hiki walijua kwamba siku moja kitafunguliwa, na walimwachia fundi mlango.

Rejeta nyingi za siku hizi si hivyo. Mapezi na mirija yake ni ya alumini, na matangi yake ni ya plastiki iliyobanwa juu ya mpira. Ni nyepesi, na bei yake mara nyingi ni nafuu. Lakini plastiki ikipasuka kwa joto la miaka mingi, fundi hana la kufanya isipokuwa kuitupa. Basi anayetengeneza rejeta ya shaba huokoa fedha, huokoa madini, na huhifadhi maarifa. Kazi ya kulehemu hufundishwa kwa mkono kuongozwa na mkono, na siku ambapo hakuna aletaye rejeta ya kutengenezwa, hakuna kijana atakayejifunza.

Hizo ni hoja nzito. Lakini upande wa pili nao una ulimi. Kitu kilichochakaa hakichakai mahali pamoja. Kiungo cha leo kikilehemiwa, kesho kitavuja cha jirani yake, na mtu aweza kulipa kidogo kidogo mpaka akawa amelipa bei ya rejeta mbili mpya bila ya kuwa nayo hata moja. Bandu bandu huisha gogo. Tena rejeta si taa ya ndani ambayo ikizimika utastahimili giza. Maji yakiisha katikati ya nyika ya Taru, pasipo kivuli wala kisima, kichwa cha injini hujipinda, gasketi huungua, maji huingia katika mafuta na kuyageuza rangi ya chai ya maziwa, na mtu aliyekataa kununua rejeta hujikuta akinunua injini. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, na gari hupanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600. Anayeipanda njia hiyo kwa kiungo asichokiamini, anacheza kamari.

Hata hivyo msikivu wa hoja hii na akumbuke mithali nyingine: kipya kinyemi ingawa kidonda. Upya wa kitu si ushahidi wa uzima wake. Ziko rejeta mpya zenye kung'aa ambazo mirija yake ni michache kuliko ile ya asili, na ziko zilizong'olewa katika magari mengine, zikaoshwa na kupakwa rangi nyeusi, zikauzwa kana kwamba hazijapata kazi. Rangi haipozi maji.

Kwa hiyo hatuwezi kujibu swali kwa kutazama umri wa kitu peke yake, wala bei yake. Lipo jambo linalotangulia yote mawili, nalo ni kujua ugonjwa. Gari laweza kuchemka kwa sababu mkanda wa pampu umelegea. Laweza kuchemka kwa sababu springi ya kifuniko cha rejeta imechoka. Kifuniko hicho hufunga maji kwa shinikizo ili yasichemke upesi kwa nyuzi 100 kama maji ya sufuria; kikilegea, maji huchemka mapema na kumwagika. Ni kifuniko hicho hicho ambacho mtu akikifungua injini ingali moto, mvuke humruka usoni na kumbabua. Laweza pia kuchemka kwa sababu fundi fulani wa zamani aliing'oa thamostati, ile vali inayotawala mwendo wa maji, akisema kwamba nchi yetu ni ya joto na haina haja nayo. Katika injini nyingine kuing'oa huacha wazi njia ya mkato, na maji huzunguka bila ya kupita katika rejeta. Na laweza kuchemka kwa sababu ya maji yenyewe: mabomba ya Mombasa hupata sehemu ya maji yake kutoka chemchemi za Mzima tangu mwaka 1957, lakini mabomba yakikauka watu huteka visimani, na maji ya visima vilivyo karibu na bahari aghalabu yana chumvi, na chumvi hula shaba na kuganda mirijani.

Anayebadili rejeta kabla ya kuuliza haya amebadili mgonjwa na kuacha ugonjwa. Ile mpya nayo itakufa kwa maradhi yaliyoiua ya kwanza. Anayetengeneza bila ya kuuliza naye hana ubora wowote kumpita mwenzake. Kutafuta sababu ni wajibu wa kwanza wa fundi. Ni wajibu mgumu kwa kuwa kuuliza hakuna bei katika hesabu yake, na mteja hulipia anachokiona kwa macho.

Sasa twaja penye kiini cha neno langu. Tuseme fundi wetu ametafuta, na ameona kwamba mikanda ni mizima na kifuniko ni kizima. Ugonjwa umo katika rejeta yenyewe. Ameishusha, ameiziba midomo, ameitia katika karai la maji na kuipuliza hewa ndani. Mapovu yanatoka: machache kwenye kiungo cha tangi, na mengine katikati ya mirija. Kiungo kitalehemiwa na kushika. Lakini mirija iliyooza katikati haishiki lehemu. Dawa yake ni kuizima, yaani kuiziba huku na huku ili maji yasipite humo tena. Hapa fanya hesabu, msomaji. Ikiwa rejeta ina mirija 60, na fundi ameiziba 3, amepunguza njia za maji kwa sehemu moja katika ishirini, na huenda dereva asijue maisha yake yote. Akiiziba 15, ameondoa robo nzima. Rejeta hiyo haitavuja tone. Karaini haitatoa povu hata moja. Katika barabara tambarare ya kutoka Magongo hadi uwanja wa ndege itaonekana nzima kabisa. Ila gari likipakia watu watano na mizigo yao, likapanda Mazeras saa nane mchana, ndipo robo iliyokosekana itakapodaiwa.

Basi je, fundi huyo amefanya vibaya? Jibu langu ni kwamba haijulikani bado. Kazi ya mkono wake ni ile ile, iwe ameifanya kwa haki au kwa dhuluma. Kinachoitenga haki na dhuluma hapa ni hiki: atakayeubeba upungufu ule ameambiwa, ama hakuambiwa? Fundi akimwambia mwenye gari, “Bwana, nimeiziba mirija kumi na mitano, gari hili lakufaa kwa kazi za hapa hapa mjini, lakini usilipeleke Tsavo na mzigo mpaka upate nyingine,” basi ametenda kazi ya heshima, naye amestahili ujira wake wote. Mirija ile ile kumi na mitano ikizibwa kimya kimya, ikapakwa rangi nyeusi, ikalipwa kwa bei ya rejeta nzima, ni wizi, ingawa hakuna kufuli lililovunjwa.

Kisha mzigo wa ukweli huondoka kwa fundi ukamwangukia mwenye gari. Yeye sasa anajua. Akiliendesha gari lake peke yake kwenda mlimani, amehatarisha mali yake na muda wake, na ni hiari yake. Lakini akilikodisha kwa mgeni asiyejua kusoma mshale wa kipimajoto, au akilipakia watoto wa watu, ameweka rehani kisicho chake. Na akimwaga ndani ya rejeta ile vitu ambavyo madereva wa tangu zamani hutia ili kuziba tundu kwa muda, kama vile yai bichi au pilipili manga, si ili afike nyumbani bali ili gari lisivuje mbele ya mnunuzi siku ya mnada, hapo amevuka mpaka. Yai lile lile ni msaada kwa msafiri aliyekwama Maungu usiku, na ni uongo kwa muuzaji aliyesimama Changamwe mchana.

Najua unaweza kunipinga, na ni vyema unipinge. Waweza kusema: “Maneno haya ni rahisi kwa mwenye kuandika. Fundi wa jua kali akisema kweli yote, mteja hukasirika na kwenda kwa jirani ambaye husema ‘Usijali, bwana, itashika.’ Jioni mwongo hula wali na samaki, na mkweli hula ugali mkavu. Na mwenye gari naye, kama hana fedha ya rejeta mpya, afanye nini? Alaze gari, watoto wake wakose karo?” Pingamizi hili halifai kupuuzwa. Ukweli una gharama, na gharama hiyo mara nyingi hulipwa na maskini kabla ya tajiri. Tena si uongo kwamba mteja asiyetaka kusikia ndiye anayemfundisha fundi kunyamaza. Wengi wetu tunapokwenda kwa fundi hatutafuti kuambiwa kweli. Twatafuta kuambiwa bei ndogo. Kisha gari likifa njiani twamlaani aliyetupa tulichokiomba.

Lakini tazama: pingamizi lile limedhani kwamba ziko njia mbili tu, kutengeneza na kubadili. Ipo ya tatu, nayo ni kulingana kwa kazi na nguvu. Mzee aliyepungukiwa na nguvu hatupwi, wala habebeshwi gunia la mkulima kijana; hupewa kazi inayomfaa. Mwenye gari asiye na fedha aweza kulehemu, akaiziba mirija iliyooza, na kwa miezi michache akalitumia gari lake kwa safari fupi za asubuhi na mizigo mepesi, huku akiweka akiba ya rejeta kamili. Atapata kidogo kuliko wa Tsavo, lakini hatamwibia mtu usingizi. Na fundi aweza kujilinda kwa desturi mbili ambazo hazimgharimu sana. Ya kwanza ni kumwita mteja aje aone mapovu karaini kwa macho yake kabla ya kazi na baada ya kazi. Ya pili ni kumrudishia mteja kila kipuri kilichong'olewa. Shaba iliyochakaa ina bei katika biashara ya vyuma chakavu, na mteja aghalabu hajui kwamba rejeta yake mbovu ni mali yake bado. Fundi amkabidhiye kilichooza humwonyesha pia kwamba kilichowekwa ni kipya kweli. Sifa hujengwa polepole kama matumbawe, lakini mfuko wa fundi anayeaminiwa hauishi wateja.

Kuna mbebaji mwingine wa hasara ambaye hayumo katika mapatano ya fundi na mteja, na kumsahau kungeifanya hoja yetu kuwa pungufu. Lehemu ni risasi, na risasi ni sumu. Fundi aichomaye bila ya kujikinga huvuta moshi wake, na vumbi lake humwingia mwanafunzi wake, ambaye aghalabu ni kijana wa makamo yako. Si mbali na Magongo, upande wa Jomvu, kuna kijiji kiitwacho Owino Uhuru. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari, ili kupata risasi ya kutumiwa tena, kilianza kazi ubavuni mwa kijiji hicho, na kikaendelea hadi mwaka 2014. Watu waliugua, na damu ya watoto ilipopimwa ilionekana kuwa na risasi. Mama mmoja aliyepata kufanya kazi kiwandani humo, Phyllis Omido, aliliinua jambo hilo, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, hukumu hiyo ilitenguliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha mwezi wa Desemba 2024.

Fikiri sana juu ya kisa hiki, maana kinatuzuia tusijisifu upesi. Kutumia tena kilicho chakavu ni jambo tulilolisifu hapo juu, na kiwanda kile kilifanya hilo hasa. Wauzaji wa betri walifaidi, wanunuzi wa risasi walifaidi, na katika hesabu zao hapakuwa na deni. Deni liliandikwa katika damu ya watoto ambao hawakuuza wala kununua, na ambao hapana aliyewaambia neno. Kwa hiyo kutengeneza hakuwi chema kwa jina lake, kama vile kubadili hakuwi ubadhirifu kwa jina lake. Vyote viwili hupimwa kwa mizani moja: ni nani abebaye uzito uliobaki, na je, anajua?

Huenda wewe msomaji huna gari, na rejeta hujapata kuigusa. Lakini utakuwa na vitu vya kutengeneza na kubadili maisha yako yote, na vingi vyake havitakuwa vya shaba. Urafiki utaingia ufa. Ahadi itavuja. Chama ulichochaguliwa kuwa mweka hazina wake kitapungukiwa na fedha, nawe utashawishika kuziba tundu kwa fedha ya mfuko mwingine na kupaka rangi nyeusi juu yake. Siku hiyo kumbuka kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kumbuka pia tabia moja ya kipimajoto cha gari, ambayo madereva wageni hawaijui. Maji yakipungua, mshale hupanda na kuonya. Lakini yakiisha kabisa, kile kipimo hubaki katika hewa tupu, na mshale waweza kushuka kana kwamba mambo yote ni salama. Dereva hufurahi, hukanyaga mafuta, na injini hufa mikononi mwake. Kimya kinachofuata maonyo mengi kichunguze, kisikupe furaha.

Basi siku utakaposimama mbele ya kitu kilichoharibika, usianze kwa kuuliza bei. Uliza kwanza kimeharibiwa na nini, kisha uliza kitabeba mzigo gani baada ya kutengenezwa. Mwisho mtafute mtu atakayeumia kama kazi yako itashindwa, umwendee, umwambie wazi ulichokitengeneza na ulichokiacha. Akikubali baada ya kujua, tengeneza kwa moyo mweupe. Akikataa, badili, au punguza safari. Na ikiwa huna uso wa kumwambia, jua kwamba kazi hiyo haijafaa kutoka gerejini.